Kuthamini Mali ya Marehemu Kabla ya Kugawa Mirathi Zanzibar: Mwongozo Kamili

Fungu la mjane, marehemu akiwa ameacha watoto, ni thumuni, yaani moja ya nane, na hakuna mtu mwenye uwezo wa kulipunguza. Suala ni thumuni ya nini. Nyumba ya Ng'ambo yenye thamani ya shilingi milioni 120 ikiandikwa milioni 80, mjane amepoteza milioni 5 papo hapo, na mafungu yote yaliyokokotolewa baada yake yatakuwa sahihi kwa hesabu na batili kwa haki. Ugomvi mwingi wa mirathi Unguja na Pemba hauanzii kwenye mafungu, kwa sababu hayo yanajulikana. Unaanzia kwenye kipi kimehesabiwa, kwa bei ya siku gani, na nani aliyeitaja bei hiyo.

Mwongozo huu ni wa wasii, msimamizi wa mirathi na warithi wenyewe. Unahusu mirathi ya Waislamu, ambayo hapa Zanzibar husikilizwa na Mahakama ya Kadhi chini ya Sheria Namba 9 ya 2017. Mirathi ya asiyekuwa Mwislamu hupita katika mahakama za kawaida, lakini sehemu za kukagua na kuthamini zilizomo humu zinamfaa pia.

Karatasi kabla ya bei

Usimwite mthamini kabla hujakusanya vitu hivi. Atakuja, atapima, utamlipa, kisha ripoti itakaa kabatini kwa sababu hakuna aliyejua nyumba imeandikwa jina la nani.

Anza na cheti cha kifo kutoka Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Kisha pata barua ya sheha wa shehia aliyokuwa akiishi marehemu, inayotaja warithi wanaojulikana. Kwa karatasi hizo mbili, fungua faili la mirathi Mahakama ya Kadhi ya wilaya, au peleka suala Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ambayo nayo husimamia mirathi za Waislamu. Kamisheni inafaa zaidi pale ambapo hakuna mrithi anayeaminiwa na wenzake wote, au warithi wengi ni watoto wadogo.

Kwa upande wa mali, tafuta hati ya haki ya matumizi ya ardhi kama ipo, hati za mauziano hata zile za zamani zilizoandikwa kwa mkono mbele ya sheha, ramani ya kiwanja, mikataba ya wapangaji, kadi ya gari, vitabu vya benki na stakabadhi za karafuu. Hati ya mauziano si sawa na hati ya haki ya matumizi. Ya kwanza inaonesha kwamba fulani aliuziwa; ya pili inaonesha kwamba Serikali inamtambua. Kiwanja chenye hati ya pili huwa na bei kubwa zaidi, na mthamini lazima ajue anathamini kipi kati ya hivyo viwili.

Toa kwanza kisichokuwa cha marehemu

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Kosa la bei linaweza kurekebishwa kwa ripoti ya pili. Kosa la orodha humfanya mtu arithiwe mali yake akiwa hai.

Mali ya mke. Mke aliyeuza dhahabu zake kununua saruji, au aliyelipa mafundi kwa mshahara wake, ana sehemu yake katika nyumba hata kama hati ina jina la mume peke yake. Sehemu hiyo hutolewa kwanza, kisha kinachobaki ndicho kirithiwe, na yeye tena ana thumuni au robo yake humo. Asisubiri kuulizwa. Alete stakabadhi, mashahidi, taarifa za benki, hata fundi aliyemlipa. Dhahabu anazovaa ni zake, na mahari ambayo hajalipwa ni deni juu ya mali ya marehemu.

Jengo la mtoto juu ya kiwanja cha baba. Jambo hili liko kila mtaa: baba ana kiwanja, kijana amejenga vyumba viwili uani au amepandisha ghorofa. Mwambie mthamini atenganishe thamani ya kiwanja, thamani ya jengo la baba na thamani ya jengo la mtoto, kila moja kwa mstari wake. Akikuletea jumla moja, irudishe ripoti.

Hiba. Mtoto akisema "hii mzee alinipa", swali la kadhi litakuwa: ulikabidhiwa ukaimiliki yeye akiwa hai? Nani alikuwa anachukua kodi? Nani alikuwa analipa fundi? Ahadi ya mdomo isiyofuatwa na makabidhiano huwa vigumu sana kusimama.

Wakfu. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe, na mashamba kadhaa, ni wakfu, na wakfu haurithiwi wala hauuzwi. Mkaazi aliyeishi humo miaka arubaini huenda alikuwa mpangaji au mnufaika tu. Uliza Kamisheni ya Wakfu kabla ya kulipa ada ya uthamini.

Eka tatu. Mashamba yaliyogawiwa na Serikali baada ya Mapinduzi ya 1964 yana masharti yake, na hayauzwi kama mali huru. Usikubali mtu akupe bei ya "eka kwa eka" kwa kulinganisha na shamba la jirani lililouzwa kwa hati. Peleka karatasi ya eka tatu Kamisheni ya Ardhi, upate kwa maandishi ni haki gani inayoweza kupita kwa warithi, ndipo mthamini afanye kazi juu ya haki hiyo.

Na kumbuka kwamba ardhi yote ya Zanzibar ni ya umma. Ndivyo inavyosema Sheria ya Matumizi ya Ardhi Namba 12 ya 1992. Anachomiliki mtu ni haki ya kuitumia, pamoja na alichojenga na alichopanda. Kwa hiyo miti inaweza kuwa ya mtu mmoja na udongo wa mwengine. Mzee anaweza kufa akiwa na minazi 30 katika shamba lisilokuwa lake, na minazi ile ikarithiwa.

Ikiwa mpaka wenyewe una mgogoro, au kuna mtu wa nje anayedai kiwanja, suala hilo si la kadhi. Linakwenda Mahakama ya Ardhi, na mali hiyo iwekwe kando katika orodha mpaka hukumu itoke. Gaweni nyingine.

Thamani ya siku gani?

Haki ya warithi inaanza pale roho inapotoka. Lakini kama mnagawana vitu vyenyewe, huyu nyumba na yule shamba, bei inayofaa ni ya siku ya mgawanyo. Mkitumia bei ya siku ya kifo baada ya miaka sita, aliyepewa kiwanja cha Fuoni atakuwa ameondoka na faida ya miaka sita ambayo ilikuwa ya wote, na aliyepewa fedha taslimu atakuwa amebeba hasara ya bei za soko kupanda.

Kuna hesabu mbili za kuweka pembeni. Kodi zote zilizokusanywa tangu kifo ni za warithi wote kwa mafungu yao, pungufu ya matengenezo yaliyothibitishwa. Na mrithi aliyetia fedha zake katika nyumba baada ya kifo, kwa mfano kubadilisha mabati au kuchimba karo, arejeshewe alichotumia au thamani iliyoongezeka, kwa namna mtakavyokubaliana kwa maandishi. Mwambie mthamini hali ya nyumba ilivyokuwa siku ya kifo na ilivyo leo. Picha za simu zenye tarehe zinasaidia sana hapa.

Ripoti ikizidi mwaka mmoja kabla ya kugawana, iombewe marekebisho. Ukanda wa pwani wa utalii, kama Nungwi, Kendwa, Paje na Jambiani, hata miezi sita ni mingi.

Kumteua mthamini

Awe mthamini aliyesajiliwa, mwenye muhuri, na asiwe ndugu, mkwe wala mdeni wa mrithi yeyote. Dalali si mthamini. Dalali anajua bei zinazotajwa, na maneno yake ni ushahidi mzuri wa soko, lakini yeye hula asilimia mali ikiuzwa na hasaini ripoti inayoweza kuhojiwa mahakamani. Warithi wasipoafikiana jina, waombe Mahakama ya Kadhi imteue, au waende kwa mthamini wa Serikali kupitia Kamisheni ya Ardhi.

Kila upande kuleta mthamini wake ni njia ya gharama. Utapata bei tatu na hoja tatu. Mmoja aliyekubaliwa na wote, kwa barua moja iliyosainiwa na wote, ni bora zaidi. Barua hiyo itaje:

- kwamba lengo ni mgawanyo wa mirathi, si mkopo wala bima;
- tarehe ambayo thamani inatakiwa;
- kwamba inatakiwa bei ya soko huru, baina ya muuzaji na mnunuzi wasiolazimishwa;
- orodha ya mali, kila moja na mahali ilipo na karatasi zake;
- wapangaji waliomo na kodi wanayolipa;
- kwamba kiwanja, majengo na miti vitenganishwe;
- ada, kwa kiasi kamili kilichotajwa mwanzoni, na nakala ngapi zitatolewa.

Sisitiza ada ya kiasi kamili. Ada inayopanda pamoja na thamani inamfanya mrithi anayenunua amtilie shaka mthamini hata kama amefanya kazi safi. Ada hulipwa kutoka katika mali ya marehemu, isipokuwa pale mrithi mmoja anapotaka ripoti ya pili kwa kutoridhika kwake. Hiyo ailipe mwenyewe.

Kuna ripoti tatu ambazo watu huzileta mezani na hazifai. Ya benki, iliyotengenezwa kwa ajili ya mkopo, huwa na bei mbili: bei ya soko na bei ya kuuza kwa haraka. Mrithi anayetaka kuwanunua wenzake huonesha ile ya pili, ambayo ni ndogo. Ya bima hutaja gharama ya kujenga upya na huacha kiwanja. Ya fidia ya barabara hufuata viwango vya Serikali vya kazi hiyo.

Siku ya ukaguzi

Ikiwa mjane yumo katika eda, miezi minne na siku kumi, au mpaka ajifungue kama ni mjamzito, ukaguzi wa ndani upangwe naye. Apewe taarifa siku kadhaa kabla, awepo maharimu wake, na asilazimishwe kutoka ili vyumba vipimwe. Mara nyingi kinachowezekana ni kupima nje na mashamba kwanza, na ndani baadaye. Hakuna bei inayoharibika kwa kusubiri hivyo.

Siku yenyewe, funguo za vyumba vyote ziwepo, pamoja na stoo na vyumba vya wapangaji. Chumba kisichofunguliwa hukisiwa. Kila upande wa familia utoe mtu mmoja, asizidi, na atie saini karatasi ya mahudhurio. Vipimo vya kiwanja vipigwe na kusomwa kwa sauti mbele yao. Watu wetu wengi bado wanataja futi, na mthamini anaandika mita, kwa hiyo hakikisheni hesabu: kiwanja cha futi 40 kwa 60 ni takriban mita za mraba 223, eka moja ni mita za mraba 4,047, na eka tatu ni kama hekta 1.2. Vipimo vikitofautiana na hati, liandikwe hilo katika ripoti. Mara nyingi maana yake ni kwamba jirani amesogea au marehemu alisogea.

Nyumba

Kwa nyumba ya matofali ya saruji, mthamini mzuri hutumia njia mbili na kuzilinganisha. Ya kwanza ni kutafuta nyumba tatu au zaidi zilizouzwa kweli katika eneo lile, akarekebisha kwa ukubwa, njia ya gari, maji na hati. Neno muhimu ni "zilizouzwa". Bei ya tangazo si bei ya soko, na ufukweni ambako viwanja hutajwa kwa dola, tofauti ya kilichoombwa na kilicholipwa inaweza kuwa kubwa mno. Bei ya dola igeuzwe kuwa shilingi kwa kiwango cha Benki Kuu cha siku ile ya thamani, na kiwango hicho kiandikwe.

Njia ya pili ni gharama ya kujenga upya ikitolewa uchakavu. Tuchukue tarakimu za mfano: nyumba ya mita za mraba 120, kujenga mita moja ni shilingi 600,000, jumla milioni 72. Uchakavu ukikadiriwa asilimia 25, unatoa milioni 18, jengo linabaki milioni 54. Ongeza thamani ya haki ya kiwanja, tuseme milioni 70, unapata milioni 124. Ikiwa mauzo ya jirani yanasema milioni 90 na hesabu hii inasema milioni 124, mmoja kati yao amekosea, na mara nyingi ni uchakavu uliokadiriwa kidogo. Angalia nondo zilizochomoza kwenye dari na zege linalobanduka. Karibu na bahari chumvi huila nondo kabla nyumba haijaonekana kuzeeka.

Maduka na vyumba vya kupangisha huangaliwa kwa mapato. Duka linaloleta 300,000 kwa mwezi huleta milioni 3.6 kwa mwaka. Toa asilimia 20 ya matengenezo na miezi ya kukaa tupu, inabaki milioni 2.88. Soko likitaka faida ya asilimia 8 kwa mwaka, gawa milioni 2.88 kwa asilimia hiyo: thamani ni milioni 36. Likitaka asilimia 10, ni milioni 28.8. Kwa hiyo asilimia hiyo ndogo ndiyo ya kuulizwa maswali mengi: imetoka wapi?

Mji Mkongwe ni ulimwengu mwengine. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene, na dari zimebebwa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu: upana unafuata urefu wa boriti. Mthamini aliyezoea nyumba za saruji atakadiria gharama ya matengenezo kidogo mno. Apande mpaka juu ya paa aangalie mifereji, kisha ashuke akague ncha za boriti pale zinapoingia ukutani, kwa sababu hapo ndipo zinapooza. Ukuta uliopigwa plasta ya saruji juu ya chokaa usichukuliwe kuwa umetengenezwa. Saruji hufungia unyevu ndani na ukuta huliwa nyuma yake. Beit al-Ajaib, jumba mashuhuri la Mji Mkongwe, iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020, na hilo lilikuwa jengo linaloangaliwa na dunia nzima.

Zaidi ya hapo, Mji Mkongwe uko katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000, na hakuna kubomoa, kupandisha wala kubadilisha bila ya kibali cha Mamlaka ya Hifadhi. Kwa hiyo bei isihesabu hoteli ya ghorofa tano ambayo mnunuzi anaiota. Ihesabu nyumba iliyopo, na kazi inayoidai. Mlango wa kuchonga ni sehemu ya nyumba. Mrithi asiung'oe kwa kuwa "ni kumbukumbu ya babu".

Mashamba, na hasa mikarafuu

Shamba lisithaminiwe kwa macho kutoka barabarani. Ingieni, hesabuni miti mmoja mmoja, na kila uliohesabiwa utiwe alama ya chokaa ili usihesabiwe mara mbili. Gaweni katika makundi: miche isiyozaa bado, inayozaa, mizee inayopungua na iliyokufa. Mkarafuu huanza kuzaa kwenye mwaka wa sita hadi wa nane na unaweza kuishi zaidi ya nusu karne, hivyo mche wa miaka minne una thamani kubwa kuliko unavyoonekana, na mkarafuu mkubwa wenye matawi makavu juu una ndogo kuliko unavyoonekana. Mnazi mrefu hushika nguvu baada ya miaka saba hadi kumi.

Kosa kubwa Pemba ni kuchukua msimu mmoja. Karafuu huja kwa mavuno makubwa mwaka mmoja na kupumzika miaka inayofuata. Ukithamini baada ya mwaka wa neema utamwonea anayelipokea shamba, na ukithamini baada ya mwaka mkavu utawaonea wengine. Chukua wastani wa misimu minne au mitano kutoka stakabadhi za ZSTC, shirika la Serikali linalonunua karafuu, ambazo zinataja kilo na daraja. Familia isiyokuwa na stakabadhi iulize mashamba ya jirani yenye miti ya umri ule.

Hesabu yenyewe, kwa tarakimu za kuonesha njia tu: mikarafuu 60 inayozaa, wastani wa kilo 4 kavu kwa mti kwa mwaka, ni kilo 240. Bei ikiwa 14,000 kwa kilo, ni 3,360,000. Toa uchumaji unaolipwa kwa pishi, uchambuaji, majamvi, walinzi na usafiri, tuseme asilimia 40, inabaki 2,016,000. Shamba lina hatari ya ukame, wizi na maradhi ya miti, basi faida ya asilimia 12 kwa mwaka si nyingi: thamani ni milioni 16.8, yaani 280,000 kwa mti unaozaa. Miche, minazi na haki ya ardhi vinaongezwa juu yake. Bei ya ZSTC iangaliwe upya siku ya uthamini, na makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, yasisahauliwe, nayo yana bei.

Ulizeni swali moja kabla ya yote: mikarafuu ilikodishwa? Wazee wengi huikodisha kwa msimu au misimu kadhaa, wakachukua fedha mbele. Kama marehemu alikodisha misimu mitatu na mmoja tu umepita, mazao ya miwili inayobaki ni ya mkodi. Thamani ya shamba ipunguzwe kwa kiasi hicho. Mrithi aliyepewa shamba kwa bei kamili kisha akafukuzwa na mkodi wakati wa kuchuma, amepewa deni likiitwa mali.

Vitu vinavyokwenda haraka

Gari kwa bei ya gari za mwaka na hali ile, si bei iliyonunuliwa. Dhahabu ya marehemu kwa uzito na karati (22 ni asilimia 91.6 safi, 21 ni 87.5), bila ya kuhesabu ufundi. Bidhaa za duka kwa bei ya kununulia. Mashine ya boti ithaminiwe mbali na boti. Madeni anayowadai watu yaandikwe, lakini yagawiwe yanapolipwa.

Kuisoma ripoti na kuipinga

Kabla ya kuangalia jumla, angalia vipimo, tarehe, majina ya mali zilizotumika kulinganisha na dhana zilizoandikwa mwishoni. Sentensi kama "imechukuliwa kwamba hati ni safi" inaweza kubeba nusu ya thamani. Mrithi asiyeridhika aandike ndani ya muda mliokubaliana, tuseme siku 14, akitaja kosa na ushahidi: nyumba iliyouzwa, kipimo kilichokosewa, mti uliorukwa. "Nyumba ya baba haiwezi kuwa bei hiyo" si ushahidi. Ripoti ya pili ikitofautiana na ya kwanza kwa chini ya asilimia 10, chukueni ya katikati mwendelee. Ikizidi hapo, waiteni wathamini wote wawili wakae. Karibu kila mara kuna jambo moja tu walilolichukua tofauti.

Kutoka bei hadi mafungu

Mfano: marehemu ameacha mama, mke, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike. Mali: nyumba ya Mwanakwerekwe milioni 190, kiwanja cha Fuoni milioni 60, shamba la Wete (lenye mikarafuu na minazi) milioni 72, gari milioni 14, na fedha benki milioni 22. Jumla ni milioni 358. Mazishi, madeni na ada vimemaliza milioni 22 za benki, na hakuna wasia. Ungekuwepo, usingezidi thuluthi ya kinachobaki. Inabaki milioni 336 katika vitu.

Mke ana thumuni, mama sudusi (moja ya sita), watoto wanachukua kinachosalia, wa kiume mara mbili ya wa kike. Mali yote igawe sehemu 168: mke 21, mama 28, kila mtoto wa kiume 34, kila wa kike 17. Sehemu moja ni milioni 2. Basi mke milioni 42, mama 56, mtoto wa kiume 68, wa kike 34.

Sasa vitu. Mke, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili wanataka kubaki katika nyumba: mafungu yao ni milioni 178, nyumba ni 190, wanadaiwa 12. Mama anachukua shamba la Wete: fungu lake 56, shamba 72, anadaiwa 16. Mtoto wa pili wa kiume anachukua kiwanja cha 60, anadai 8. Binti wa tatu anachukua gari la 14, anadai 20. Wanaodaiwa 28, wanaodai 28. Tarehe za kulipa ziandikwe. Mama anaweza kulipa baada ya mavuno, lakini msimu gani utajwe kwa jina na mwaka.

Angalia sasa nini kingetokea kama shamba lingethaminiwa milioni 100 kwa sababu lilipimwa baada ya msimu mkubwa. Jumla ingekuwa 364, fungu la mama lingekuwa kama milioni 60.7, na angedaiwa zaidi ya 39 badala ya 16, kwa shamba lile lile.

Yanayochelewesha

Mrithi aliyefariki kabla ya kugawana: fungu lake haligawiwi kwa ndugu waliobaki, linapita kwa warithi wake yeye. Mirathi ya babu iliyokaa miaka hamsini ina tabaka tatu au nne za namna hii. Mali inathaminiwa mara moja, leo, lakini mafungu yanakokotolewa tabaka kwa tabaka kufuata mpangilio wa vifo, hivyo vyeti vya vifo vyote vinahitajika.

Mtoto mdogo hawezi kuachia haki yake, na mlezi wake hawezi kumwachilia. Makubaliano yoyote yanayompa chini ya fungu lake yapite kwa kadhi.

Walioko Muscat, Mombasa au London watume hati ya uwakala inayotaja wazi kama wakala anaweza kukubali thamani na kupokea mali, au kusikiliza tu.

Mkishakubaliana, hati ya mgawanyo isainiwe na warithi wote au mawakala wao, ripoti ya mthamini iambatishwe, na Mahakama ya Kadhi iithibitishe. Kisha kila mmoja apeleke sehemu yake Kamisheni ya Ardhi kubadilisha jina. Kiwanja kilichogawiwa vipande kipimwe na mpimaji na kila kipande kipate namba yake kabla ya mtu yeyote kuanza kujenga, kwani mpaka uliokubaliwa kwa kunyoosha kidole kwenye mwembe hutoweka siku mwembe unapokatwa.